Kadi ya Kliniki ya Muheza na Fomu ya Afya ya Chuo cha Massachusetts

Mama mmoja wa Muheza, mkoani Tanga, ameniandikia hivi: «Daktari, shikamoo. Binti yangu ana miaka 19. Amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi katika chuo kikuu kilichopo jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa ufadhili wa ada. Wametutumia fomu ya afya yenye chanjo ambazo nyingine sijawahi kuzisikia, na wanasema asipoirudisha hataruhusiwa kujisajili. Kadi yake ya kliniki ipo, ila imeliwa na mchwa pembeni. Wanataka pia bima ya afya. Sisi tuna bima ya NHIF kupitia kazi ya baba yake, na wakala aliyetukatia tiketi anasema tununue bima ya safari, inatosha. Binti ana pumu tangu utotoni. Masomo yanaanza mwishoni mwa Agosti. Je, inabidi achanjwe upya kila kitu, na bima ipi tuchukue?»

Marahaba, mama, na hongera sana kwa malezi. Binti yako haanzi upya kila kitu, lakini zipo chanjo nne ambazo hana na ambazo hakuna mtoto wa umri wake aliyezipata katika kliniki zetu za serikali. Bima ya NHIF na bima ya safari, zote mbili, hazitakubaliwa na chuo hicho. Ningeweza kuishia hapo, lakini barua yako imenifikia mwanzoni mwa Juni, na kinachonitia wasiwasi ni kalenda. Baadhi ya chanjo hizi hutolewa kwa dozi mbili, na dozi ya pili haihesabiki ikitolewa kabla ya siku 28 kupita. Mkisubiri hadi viza itoke ndipo mwanze, muda utakuwa umekwisha, hata mkiwa na fedha za kutosha. Kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho, kisha anzeni wiki hii hii.

Kwanza tuweke wazi ni nani anayedai chanjo hizi, kwa sababu watu wengi hapa Tanga huchanganya mambo matatu tofauti. Ubalozi haudai chanjo yoyote kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Orodha ya chanjo ya uhamiaji inawahusu wanaokwenda kuishi moja kwa moja. Marekani pia haidai cheti cha homa ya manjano kwa msafiri yeyote, kwa hiyo kadi ile ambayo wengi hukimbilia kuitafuta kwanza haijazi hata mstari mmoja wa fomu yenu. (Kadi hiyo ina kazi yake siku ya kurudi nyumbani, kwa kuwa Tanzania huidai kwa anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo au aliyepita huko na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12. Angalieni tiketi inapitia wapi.) Anayedai chanjo ni jimbo la Massachusetts kwa sheria yake, na chuo ndicho kinachosimamia. Ndiyo maana mwanafunzi huweza kupewa viza, akasafiri salama, akalala bwenini, halafu akazuiwa kuchagua masomo kwa sababu ya sanduku moja tupu kwenye fomu.

Fomu hiyo haiulizi kama mtoto ni mzima. Inauliza tarehe. Chanjo ambayo haina siku, mwezi na mwaka ulioandikwa, kwao ni sawa na ambayo haikutolewa, hata kama wewe mwenyewe unakumbuka vizuri asubuhi uliyombeba mgongoni kwenda kliniki. Nimeshika kadi nyingi za namna hiyo: karatasi imelegea kwenye mikunjo, wino wa bluu umegeuka kijivu, muhuri wa zahanati umebaki nusu duara, na safu ya surua ina tarehe ambayo huwezi kujua kama ni 3 au 8. Kadi kama hiyo isirudufiwe na kutumwa ilivyo. Ipelekeni pale pale ilipotolewa na mwombe muuguzi afungue rejesta ya watoto ya MTUHA (mfumo wa kumbukumbu za vituo vya afya) ya mwaka 2007 na 2008, alinganishe jina na tarehe, kisha aandike barua fupi yenye muhuri inayotaja kila chanjo na siku yake. Rejesta za zamani mara nyingi ziko stoo, kwenye maboksi, na kuzitafuta kunataka uvumilivu. Nenda siku ambayo si ya kliniki, wakati wauguzi hawana foleni ya kina mama. Zikikosekana kabisa, msihangaike nazo zaidi ya wiki moja, kwa kuwa njia nyingine ipo, nayo nitaieleza.

Kuna mambo mawili madogo yanayoangusha watu kwenye karatasi hizi. La kwanza ni mpangilio wa tarehe. Sisi huandika siku kwanza, ndipo mwezi. Wamarekani huanza na mwezi. Kijana mmoja niliyemsaidia alikuwa ameandika 04/09 akimaanisha tarehe 4 Septemba, mpokeaji akasoma tarehe 9 Aprili, hesabu ya siku kati ya dozi mbili ikaonekana imevurugika, na fomu ikarudishwa. Tangu hapo huwaambia wote waandike mwezi kwa herufi. La pili ni jina. Kadi nyingi za kliniki zina jina la nyumbani, au zina majina mawili wakati pasi ya kusafiria ina matatu. Kama ndivyo ilivyo kwa binti yako, barua ya muuguzi itaje majina yote mawili, na kama tofauti ni kubwa, apate hati ya kiapo kwa wakili. Barua yoyote iliyo kwa Kiswahili ifanyiwe tafsiri ya Kiingereza, na daktari anayejaza fomu asaini na kugonga muhuri.

Sasa tuingie kwenye chanjo zenyewe, na nianze na ile inayowasumbua karibu wote wanaotoka kwetu. Massachusetts inataka dozi mbili za chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ya kwanza ikiwa imetolewa baada ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, na ya pili angalau siku 28 baadaye. Binti yako aliyezaliwa 2007 alipata chanjo ya surua pekee, akiwa na miezi tisa. Dozi hiyo ilimkinga vizuri katika umri ule, na iliwekwa miezi tisa kwa sababu surua huua watoto wachanga katika nchi zetu, lakini kwa kuwa ilitolewa kabla ya mwaka mmoja, Wamarekani hawaihesabu. Mwaka 2014 Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, na Oktoba mwaka huo ikafanyika kampeni kubwa kwa watoto wa miezi tisa hadi chini ya miaka 15. Binti yako alikuwa na miaka saba, na inawezekana alichomwa shuleni. Hiyo ingehesabika kwa surua na rubela kama ingeandikwa mahali. Matumbwitumbwi, hata hivyo, hayamo katika ratiba yetu ya taifa kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa moja kwa moja: msipoteze fedha kupima kinga ya magonjwa haya matatu, mpeni dozi mbili kamili za chanjo ya pamoja. Kumchanja mtu ambaye tayari ana kinga ya surua hakumdhuru.

Homa ya ini aina B ndiyo inayowashangaza wazazi, kwa kuwa wanajua kabisa watoto wao walichanjwa. Ni kweli. Tanzania iliiunganisha chanjo hiyo na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda mwaka 2002, hivyo kadi ya binti yako inapaswa kuonyesha dozi tatu kabla hajafikisha miezi minne. Tatizo ni kanuni ya Marekani inayosema kwamba dozi ya mwisho ya homa ya ini isitolewe kabla ya mtoto kufikisha wiki 24 za umri. Dozi zake tatu zote zilikwisha mapema kuliko hapo. Msirudie mfululizo mzima. Dozi moja ya nyongeza sasa inakamilisha hesabu, mradi zile tatu za utotoni zina tarehe. Kama tarehe zimeliwa na mchwa na rejesta haikupatikana, basi ni mfululizo wa watu wazima: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita, na dozi ya tatu ataipatia hukohuko chuoni. Wengine watakuambia apimwe kingamwili badala ya kuchomwa. Kipimo hicho kinakubalika, lakini mara nyingi kingamwili za aliyechanjwa akiwa mchanga huwa zimeshuka chini ya kiwango kinachohesabiwa anapofika ujana, ingawa mwili bado unaukumbuka ugonjwa, na hapo mtakuwa mmelipia kipimo na bado mnahitaji sindano. Kipimo ninachokisisitiza mimi ni kile cha kuangalia kama ana virusi vyenyewe, kwa sababu homa ya ini B ipo kwa wingi katika jamii yetu na haina dalili kwa miaka mingi. Kifanyike kwa ajili yake mwenyewe, hata kama fomu haikukiuliza.

Tetekuwanga nayo haimo katika ratiba yetu. Chuo kinataka dozi mbili zilizopishana angalau siku 28, au kipimo cha damu kinachoonyesha kinga, au uthibitisho wa daktari kwamba aliwahi kuugua. Hapa kumbukumbu yako, mama, ina thamani. Kama unakumbuka malengelenge yaliyojaa maji, yaliyomtoka kifuani na mgongoni kwa awamu, mengine yakikauka huku mapya yakichomoza, basi inafaa kupima damu, kwa sababu aliyeugua kweli huwa na kinga ya kudumu na ataokoa dozi mbili. Kama hukumbuki, usidhani kwamba lazima aliugua. Katika nchi za joto kama yetu watu wengi hufika utu uzima bila kuupata ugonjwa huu, na ukimpata mtu mzima humwangusha vibaya kuliko mtoto.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inatakiwa kwa wanafunzi wenye miaka 21 au chini ya hapo, dozi moja iliyotolewa baada ya kutimiza miaka 16, na iwe ile inayokinga aina nne za bakteria: A, C, W na Y. Watu wa Tanga wanaijua kuliko wanavyodhani, kwa kuwa ndiyo sindano ambayo mahujaji wetu hulazimika kuipata angalau siku kumi kabla ya kuingia Saudi Arabia. Ukiwauliza waliohiji mwaka huu watakuambia walichomwa wapi, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuipata. Mweleze mtoa huduma kwamba ni kwa mwanafunzi wa chuo, na aandike jina kamili la chanjo na aina nne zilizomo, kwa sababu cheti kinachosema tu «chanjo ya uti wa mgongo» kitarudishwa. Sababu ya sharti hili ni ya kweli kabisa: ugonjwa huu huenea kwa mate na pumzi kati ya vijana wanaolala chumba kimoja, na unaweza kumuua mtu mwenye afya njema ndani ya siku moja tangu homa ianze.

Inabaki ile ya pepopunda, dondakoo na kifaduro ya vijana, dozi moja. Sindano ya pepopunda wanayopewa wajawazito kliniki au aliyekanyaga msumari haitoshi hapa kwa sababu haina kifaduro.

Chanjo hizi za nyongeza hamtazikuta kwenye friji ya zahanati ya kijijini, kwa kuwa serikali haiziagizi kwa ratiba ya kawaida. Huwa katika hospitali kubwa na vituo vya chanjo za wasafiri, na kwa mtu wa Muheza mara nyingi hiyo maana yake ni safari ya Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 300. Pigeni simu kwanza na mtaje kila chanjo kwa jina, msije mkapanda basi la alfajiri mkakuta imekwisha. Siku ya kwanza anaweza kupata zote kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto, na hilo ni salama. Chanjo ya surua na wenzake na ile ya tetekuwanga zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kanuni yake ni kwamba zitolewe siku moja, au zipishane siku 28. Ukimpa moja Jumatatu na nyingine wiki inayofuata, ile ya pili haihesabiki. Baada ya siku 28 mnarudi kwa dozi za pili. Kwa hiyo safari ni mbili: moja kabla ya katikati ya Juni, nyingine katikati ya Julai. Chanjo hizi mbili zenye virusi hai hazipewi mjamzito, na baada ya kuzipata binti asishike mimba kwa mwezi mmoja. Mtoa chanjo atamuuliza hilo, na mpe nafasi ajibu akiwa peke yake.

Mkishindwa kupata mojawapo, msikate tamaa wala msitafute mtu wa kuwaandikia tarehe ya uongo. Nimeona hilo likipendekezwa, na linaniuma, kwa sababu anayebaki bila kinga ni mtoto mwenyewe. Vyuo kwa kawaida humpa mgeni muda mfupi wa kukamilisha baada ya kufika, na bima ya chuo mara nyingi hulipia chanjo hizo bila kumtoza. Mwandikieni mhusika wa kituo cha afya cha chuo mapema, mkieleza kipi kimekamilika na kipi kimekosekana nchini.

Kifua kikuu kina ukurasa wake. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, kwa hiyo karibu kila chuo cha Marekani kitamtaka mwanafunzi wetu apimwe. Lile kovu dogo la bega la kulia, la BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu aliyopata alipozaliwa, halimwondoi kwenye kipimo. Zaidi ya hapo, linaweza kukivuruga kile kipimo cha zamani cha kuchomwa chini ya ngozi na kusubiri uvimbe, kikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Ombeni kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na BCG. Damu itolewe siku ileile ya chanjo zenye virusi hai au kabla yake. Mkichelewa, subirini angalau wiki nne, kwani chanjo hizo huweza kukandamiza jibu kwa muda. Kama kipimo hicho hakipatikani kwenu, chuo kitamfanyia. Na kama kikitoka chanya, msitishike: atapigwa picha ya kifua, na ikiwa safi maana yake ana vijidudu vilivyolala, haambukizi mtu, hafukuzwi chuoni, na atapewa dawa za miezi mitatu au minne ili visije vikaamka.

Sasa bima. NHIF, mfuko ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, hulipia huduma katika vituo vilivyosajiliwa nao hapa nchini. Hospitali ya Boston haina mkataba nao. Bima ya safari ambayo wakala anawauzia imetengenezwa kwa ajili ya mtalii wa wiki tatu: mzigo uliopotea, mguu uliovunjika, ndege iliyoahirishwa. Massachusetts ina sheria inayomtaka kila mwanafunzi anayesoma angalau robo tatu ya mzigo kamili wa masomo awe kwenye bima ya chuo, au aonyeshe bima nyingine inayolingana nayo. Na kanuni zake zinasema wazi kwamba bima za kampuni za nje ya Marekani, pamoja na mifuko ya taifa ya nchi nyingine, hazihesabiwi kuwa zinalingana. Mkinunua ile ya wakala kwa ajili ya chuo, mtakuwa mmelipa mara mbili, kwa sababu chuo kitaiweka bima yake kwenye ankara ya binti yako hata hivyo.

Ankara hiyo ni dola elfu kadhaa kwa mwaka, na hapa naomba mchukue barua ya ufadhili mkaisome tena kwa utulivu. Umeandika «ufadhili wa ada». Ada ya masomo ni kitu kimoja. Bima, chakula, bweni na ada ya huduma za afya ni vingine. Angalieni kama neno la bima ya afya limetajwa. Kama halikutajwa, mwandikieni ofisa wa ufadhili sasa, kabla ya kukubali nafasi kwa maandishi au mara tu baada yake, mkiuliza kama inaweza kuingizwa. Vyuo vingine huwaongezea wenye hali ngumu wanapoombwa mapema, lakini Septemba mafungu huwa yamegawanywa. Angalieni pia karatasi ya chuo inayoitwa I-20, sehemu ya makadirio ya gharama za mwaka, kwani bima mara nyingi huwa humo. Kama karatasi mliyopewa ni DS-2019, basi binti yuko kwenye viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, na hapo serikali kuu yenyewe ndiyo inayoweka kima cha chini: dola 100,000 za matibabu kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi nyumbani, 25,000 za kurudisha mwili, na kiasi cha kujilipia kisichozidi 500.

Nikueleze jinsi bima ya kule inavyofanya kazi, kwa sababu mazoea ya NHIF huwapoteza vijana wetu. Hapa mwanafunzi wa chuo alizoea kulipa mara moja, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kiwango kilichodumu miaka mingi, akaonyesha kadi dirishani, akasaini na kutibiwa bila kutoa fedha nyingine. Kule kadi ni mwanzo wa mazungumzo. Kwanza kuna kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Kikishatimia, bima hulipa sehemu kubwa ya kila ankara na yeye hulipa asilimia iliyobaki. Tuchukulie kiasi cha kwanza ni dola 250 na asilimia yake ni 20. Akipata ankara ya dola 2,250, atatoa 250, halafu asilimia 20 ya zile 2,000 zilizobaki, yaani 400, jumla 650. Ni hesabu ya mfano tu, lakini akiijua kabla ya kuugua hataanguka kwa mshtuko ankara ikifika bwenini mwezi mmoja baada ya kupona. Kipo pia kikomo cha mwaka, ambacho akikifikia bima hulipa yote. Na daktari awe miongoni mwa waliofunga mkataba na bima hiyo. Akienda kwa mwingine, gharama huongezeka sana.

Kwa pumu yake, bima ya chuo ndiyo yenye usalama. Bima za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni kwa wanafunzi wa kigeni mara nyingi zina kifungu kinachokataa kulipia maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kujiunga, na pumu ni mfano wa kwanza. Mwone daktari wenu, iwe hapo Muheza au hospitali ya Bombo mjini Tanga, aandike barua ya Kiingereza inayoeleza pumu ilianza lini, dawa anazotumia, na mara ya mwisho alilazwa lini. Abebe inhela za kumtosha si zaidi ya siku 90, zikiwa ndani ya boksi lake lenye jina lake, na zikae kwenye begi la mkononi. Jambo moja ambalo wachache huambiwa: salbutamoli ya kwetu huko huitwa albuterol, na parasetamoli huitwa acetaminophen. Akienda duka la dawa akaomba parasetamoli kwa jina la nyumbani anaweza kuambiwa haipo ilhali iko kwenye rafu iliyo mbele yake. Wiki ya kwanza ya masomo, kabla baridi haijaingia, aende kituo cha afya cha chuo ajiandikishe, kwa kuwa hewa kavu ya majira ya baridi huamsha pumu ya watu waliokulia kwenye unyevu wa pwani.

Kituo hicho ndicho kiwe mlango wake wa kwanza kwa homa na kikohozi, kwa kuwa huduma zake nyingi zimo kwenye ada anayolipa chuoni. Chumba cha dharura cha hospitali ni cha dharura kweli, na kuingia pale kwa mafua kunaweza kugharimu kuliko nauli ya ndege. Lakini akikosa pumzi, apige 911 bila kufikiria fedha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inailazimisha hospitali yenye chumba cha dharura impime na kumtuliza mtu yeyote anayefika, awe na bima au hana. Ankara itakuja baadaye, ya gari la wagonjwa ikiwa ya peke yake, na bima itachangia. Meno na miwani kwa kawaida havimo, hivyo jino linalouma lizibwe hapa kabla hajaondoka.

Mwisho, mama, binti ana miaka 19, na kwa sheria za kule ni mtu mzima. Ukipiga simu hospitalini kuuliza hali yake, hawatakuambia neno isipokuwa yeye awe amesaini karatasi ya kuruhusu. Mkae naye kabla ya safari mkubaliane kama ataisaini na jina la nani litaandikwa, iwe wewe, baba yake, au ndugu aliyepo huko karibu. Nakala ya karatasi zote za chanjo ibaki nyumbani kwako, nyingine iwe kwenye simu yake, na zile halisi zenye mihuri zisiingie kwenye sanduku la mizigo. Rejesta ikipatikana niandikie tarehe zilizomo, nami nitazipanga kwa hesabu ya fomu yenu kabla hamjapanda basi la Dar es Salaam.